Kimo cha maji kwanza, bomba baadaye: niliyojifunza kwa skima ya tanki la maji chumvi

Upepo wa kusi ukivuma, pita Raskazone, hapa Tanga, uangalie ufukoni: povu zito, rangi ya chai ya maziwa, limelundikana kwenye mawe. Skima, mashine ya kusafishia maji ya tanki la samaki wa baharini, hutengeneza povu kama lile ndani ya nyumba yako. Hupuliza viputo vidogo sana vya hewa, protini na mafuta ya mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki vinanasa kwenye viputo hivyo, povu linapanda shingoni na kumwagikia kikombeni kabla uchafu haujaoza ukawa amonia. Anayechemsha supu akaengua lile povu la kijivu kwa upawa anafanya kazi hiyohiyo. Kwenye tanki la maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, usihangaike nayo. Huko viputo huungana vikawa vikubwa na povu halisimami.

Yangu niliinunua mkononi mwa mtu, bila karatasi ya maelekezo. Nikaitumbukiza kwenye tanki la chini (lile linalopokea maji kutoka tanki la samaki), maji yakiwa na kina cha sentimita 26, nikawasha, nikalala. Alfajiri mkeka wa sebuleni ulikuwa umelowa chapachapa na kikombe kinafurika maji meupe, si uchafu. Siku nzima nikawa nageuza bomba la kurekebishia kimo cha povu, kila saa, na hali ikazidi kuharibika.

Kosa halikuwa kwenye bomba. Maji yalikuwa marefu mno. Kila skima ina kimo chake cha maji, na nyingi ndogo hutaka kati ya sentimita 15 na 20 hivi. Chukua rula upime, usikisie. Nilipoiinua juu ya vipande vya plastiki (chuma usiweke kabisa, kitashika kutu), ikatulia siku hiyohiyo. Iweke kwenye chumba cha tanki la chini ambacho maji hayapandi wala kushuka. Kwa joto letu la Tanga maji hupungua kila siku, basi acha upungufu uonekane kwenye chumba cha pampu ya kurudishia maji kwenye tanki la samaki.

Ikiwa mpya, ioshe kwa siki na maji ya uvuguvugu, halafu ivumilie. Mafuta ya kiwandani huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla povu halijakaa sawa. Geuza bomba kidogo tu, kisha subiri mpaka kesho ndipo uguse tena.

Jambo lililonitesa zaidi ni mikono yangu mwenyewe. Jioni moja nilipaka mafuta ya nazi, nikaingiza mkono tankini kusimamisha jiwe lililoanguka. Povu likazimika kabisa! Nilifungua pampu yote, nikakagua kila mpira, sikuona kasoro. Kesho yake povu likarudi lenyewe. Mafuta kidogo tu yanaua povu kwa saa nyingi, kwa hiyo nawa kwa maji matupu na uoshe mpaka kwenye kiwiko. Hata chakula cha samaki chenye mafuta hufanya hivyo, ila kwa muda mfupi.

Halafu kuna chumvi. Maji yanayokauka juani huacha chumvi yake tankini, hivyo unajaziliza maji matamu. Lakini kinachoingia kikombeni ni maji ya bahari. Ukijaziliza hayo nayo kwa maji matamu, chumvi itashuka polepole, na matumbawe yatakuwa ya kwanza kusinyaa. Mimi napima kila wiki, nataka kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025 (maji matamu ni 1.000).

Shingo naisugua kila baada ya siku tatu kwa mswaki wa zamani, kwa sababu ute wa kahawia ukiganda pale povu linashindwa kupanda. Mdomo wa mpira wa hewa nao huziba kwa chumvi iliyokauka. Nauchovya kwenye maji ya moto.

Na umeme ukikatika, maji yaliyomo ndani ya skima na kwenye mabomba hushukia tanki la chini. Acha nafasi ya kuyapokea. Umeme ukirudi usiku, skima itawaka ikiwa imezama kupita kimo chake, kwa hiyo mimi sasa nachomoa plagi yake mara taa zikizimika, na siirudishi mpaka maji yashuke kwenye alama niliyochora kwa kalamu ya wino mzito.