Pampu ya maji imekufa na waranti ya nyongeza bado ipo, nifungue injini au nisubiri?

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nina pikapu dabo kebini ya dizeli, niliinunua mpya, waranti ya kiwanda ya miaka 3 iliisha mwaka jana nikalipia ya nyongeza miaka 2 kwa hela yangu. Jumamosi natoka Kondoa, kufika maeneo ya Haneti mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu na taa ikawaka, nikazima, tukasubiri ikapoa, tukajaza maji ya dumu, tukaenda kama kilometa 6 ikapanda tena ndo nikaita gari la kuvuta. Fundi wetu hapa Chang'ombe anasema wota pampu imekufa na gasketi ya silinda hedi huenda imeungua, anataka kufungua kesho. Watu wa waranti wanataka rekodi za sevisi na mimi sevisi mbili za mwisho nimefanya mtaani. Watalipa kweli au nimwachie tu fundi aendelee?

JIBU: Dada yangu pole sana na safari. Kabla hujamaliza kusoma mpigie huyo fundi, mwambie asifungue. Sio kwamba hajui kazi, ila injini ikishafunguliwa bila kibali, hata kama pampu ilikufa kwa ubovu wa kiwandani wenye waranti watakwambia sisi hatukuiona, hatujui nani kagusa nini, na mikataba mingi niliyosoma ina kipengele hicho hicho, kwamba matengenezo yaanze baada ya wao kukubali. Mwambie pia asichomoe terminali ya betri na asifute chochote kwenye mashine ya kupimia. Ile taa ilipowaka kompyuta ya gari ilihifadhi namba ya hitilafu, ya kuchemsha mara nyingi ni P0217, na magari mengi yanahifadhi pia hali ilivyokuwa dakika ile ile, joto lilifika ngapi, spidi ngapi, injini ilikuwa inazunguka kiasi gani. Hiyo ndo shahidi wako wa kwanza. Baadhi ya magari ukitoa betri tu inafutika, na mafundi wengi wanatoa betri kwa mazoea kabla hawajashika kitu. Apime, apige picha kioo cha mashine, aache hivyo hivyo.

Sasa hapo kwenye zile kilometa 6 nikuambie ukweli, ndo patakapokuwa na ubishi. Wota pampu ni kitu ambacho waranti nyingi za nyongeza zinabeba, hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, ikipinda kwa kuchemsha ni habari nyingine. Watauliza ulipoona mshale umepanda ulifanya nini. Mara ya kwanza ulisimama na kuzima, hilo liko upande wako na kompyuta inaweza kulithibitisha. Mara ya pili uliendesha gari ambalo lilishachemsha, watasema uharibifu wa hedi umetokana na kuendelea kuendesha na sio na pampu. Usifiche, maana ukisema hukuendesha halafu data ikaonyesha joto limepanda mara mbili, hata ile pampu ambayo wangelipa wataanza kuitilia shaka. Andika kama ilivyotokea, saa ngapi, wapi, uliongeza maji lita ngapi, mtandao wa simu ulikuwepo au la, na kwamba uliposimama tena uliita gari la kuvuta. Kama sehemu ya kwanza uliyosimama ilikuwa porini bila mtandao andika pia, mtu anayeamua madai ni binadamu na anaelewa.

Kitu kingine watakachoangalia nataka ukione mwenyewe leo. Washa tochi ya simu uangalie chini ya pampu, kuna kitundu kidogo cha kutolea maji sili inapoanza kuchoka. Kama kuna mchirizi uliokauka, ugumu kama chumvi, una rangi ya kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini), pinki au kijani, maana yake ilikuwa inavuja taratibu muda mrefu na watasema uliona ukaacha. Kama pamelowa tu na pasafi, imekufa ghafla, piga picha kwa karibu na nyingine ya mbali ionekane ni gari lako. Halafu hili la Dodoma kwetu linawaumiza wengi: maji yetu ya bomba na ya visima yana chumvi, mtu akizoea kujaza hayo badala ya kulanti rejeta inashika ukoko mweupe ndani na sili ya pampu inalika. Nimefungua rejeta hapa Kizota ukoko unadondoka vipande vipande kama maganda ya yai. Mkaguzi akiona huo ukoko madai yamekwisha, kwa sababu kitabu cha gari kimeandika kulanti. Wewe kama dumu ulilijaza Jumamosi tu haina shida, dumu moja halileti ukoko, ndo maana nasema uandike ulijaza lini na kiasi gani.

Tuje kwenye sevisi za mtaani, ambako naona ndo umeogopa zaidi wakati mi naona ni kadogo. Fungua mkataba tafuta maneno yenyewe. Kama umeandikwa sevisi zifanyike kwenye gereji iliyoidhinishwa, hapo una kazi. Ila kama umeandikwa sevisi zifuate ratiba ya mtengenezaji, basi gereji yoyote inafaa mradi uonyeshe imefanyika kwa wakati na kwa oili na filta sahihi. Tafuta risiti za EFD, ina tarehe na namba ya mlipa kodi, hiyo haibishaniwi kama karatasi ya kuandika kwa mkono. Kama ulinunua oili na filta duka la spea halafu fundi akafunga, risiti ya duka unayo, muombe fundi aandike kwa tarehe na kilometa alichofanya, asaini. Asirudishe tarehe nyuma tafadhali, aandike leo kwamba alifanya siku fulani. Angalia pia ratiba, vitabu vingi vina jedwali mbili, ya barabara nzuri na ya mazingira magumu, na vumbi la huku kwetu linaingia kwenye hiyo ya pili ambayo kilometa zake ni chache zaidi.

Kuna mteja wangu wa Manyoni mwaka juzi alikuwa na haki kabisa, risiti zote anazo, lakini alibadilisha pampu ya usukani kwanza ndo akadai. Wakasema sawa, tuletee ile ya zamani tuikague. Ile ya zamani ilishauzwa chuma chakavu. Niliumia sana kwa sababu mimi ndo niliyeifunga mpya na sikumwambia aitunze. Tangu hapo spea yoyote inayotoka kwenye gari la mtu naifunga kwenye mfuko naandika namba ya gari, na wewe mwambie fundi wako hivyo hivyo, hata gasketi iliyoungua isitupwe.

Ukishapiga picha, tuma taarifa kwa maandishi, barua pepe au hata WhatsApp yao ya kazi, usiishie kupiga simu. Uliza matatu: wana gereji yao Dodoma au mkaguzi anakuja, gharama ya kuvuta mpaka Dar ni ya nani maana ni kilometa 450 hivi, na kama injini ikifunguliwa halafu wakakataa nani analipa kazi ya kufungua. Hilo la mwisho usisaini bila kulisoma, mara nyingi wakikataa ni wewe unalipa, na kufungua hedi sio hela ndogo. Hapo omba waanze na vipimo visivyohitaji kufungua: ile dawa ya bluu inayobadilika rangi gesi ya injini ikiwa inaingia kwenye rejeta, na kuangalia oili kama imekuwa kama maziwa. Na hedi isipelekwe kuchongwa kabla hawajaipima na rula, ikishachongwa hakuna atakayejua ilipinda kiasi gani.

Wakikataa, waombe barua yenye namba ya kipengele walichotumia. Halafu angalia nyuma ya mkataba ni nani anayebeba, kama ni kampuni ya bima una TIRA, mamlaka inayosimamia bima, makao makuu yao yapo hapa hapa Dodoma, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima pia. Kama ni muuzaji wa gari mwenyewe, hilo ni la Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Mi nisingeachia ile pampu hata kama hedi wataigomea, dai kila kitu peke yake ili moja likikwama lisivute na lingine.

Picha ya kile kitundu ukishaipiga niwekee hapa pamoja na ukurasa wa mkataba unaoongelea sevisi, nitakuambia naonaje kabla hujatuma.