Pampu ya boti inalia ila maji hayatoki? Usinunue nyingine kwanza

Juzi usiku kaka mmoja wa Tanga kanitumia voisi, sauti imemchoka kabisa, anasema pampu yake ya ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, inalia vizuri tu ukiiwasha lakini maji yako palepale, na fundi keshamwambia pampu imekufa anunue nyingine. Nikamjibu muda uleule, kaka, usinunue. Halafu sikulala vizuri, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi na yalinigharimu 410,000 na kazi ya hoteli ambayo mpaka leo sijairudisha.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Nina boti ya faiba, futi 23, mashine ya nguvu farasi 40, napeleka wageni kuona papa potwe hapa Kilindoni, Mafia. Wenye kazi hii mnajua, msimu ukianza Oktoba unakimbizana nao mpaka Februari huko, ukipoteza wiki mbili hapo katikati umepoteza mwaka. Desemba 2022 nilikuwa na wageni sita asubuhi, kaskazi imeamka mapema kuliko nilivyotarajia, mawimbi yanaturushia maji ndani na kile kizibo cha nyuma nacho kumbe kilikuwa hakijakaza sawasawa. Nikawasha pampu. Nikaisikia inaunguruma, nikatulia, macho yangu yote yako baharini natafuta pezi.

Kama nusu saa hivi mama mmoja mgeni akanyanyua miguu. Kuangalia, begi lake linaelea. Tezi, yaani nyuma ya boti, imekuwa nzito, mashine imezama kuliko kawaida yake, na pampu inaendelea kulia vilevile kama inafanya kazi! Nikachungulia ubavuni kwenye tundu la kutolea maji, pakavu, halitoki hata tone. Baharia wangu akachukua lile dumu tulilolikata tukawa tunachota kwa zamu huku nimegeuza boti polepole, tukarudi salama, alhamdulillah. Wageni walirudishiwa hela zao zote, mfukoni mwangu. Jioni ile hoteli iliyokuwa inanipa wageni wakanipigia simu wakaniambia boti yangu haina usalama, basi. Miaka mitatu nimewafanyia kazi bila tatizo hata moja, na simu yenyewe haikufika dakika mbili. Sijasahau.

Fundi akaja kesho yake. Akawasha, akasikiliza, akasema hii imechoka. Hakuifungua hata. Nikaagiza nyingine Dar, 180,000, ikaja na boti ya Nyamisati, akaifunga, nikajaza maji tukajaribu, maji yakatoka kwa nguvu kabisa, nikamlipa nikamshukuru. Siku ya pili inaunguruma, maji hayatoki. Fundi akasema hii ndogo, chukua kubwa zaidi, ya galoni 1,100 kwa saa. Nikachukua, 230,000. Ikafungwa, ikatoa maji vizuri, siku ya pili tena vilevile. Hapo ndo nikajua tatizo sio pampu. Pampu tatu haziwezi kufa kifo kimoja.

Ikaja bamvua, maji yakapwa, boti imekaa juu ya mchanga. Nikamwambia baharia leta ndoo, tukamwaga maji ndani ngamani mpaka pampu ikafunikwa yote. Nikawasha. Inaunguruma, ila sasa nikaisikiliza vizuri kwa mara ya kwanza: sauti ilikuwa nyembamba, nyepesi, kama feni ndogo, wakati pampu inayosukuma maji ina mlio mzito. Nikashika bisibisi nikalegeza kleme, kile kibanio cha mpira wa kutolea maji, pale juu ya pampu. Kwanza ikatoka hewa, fyuu, mapovu mawili matatu, halafu maji yakanipiga kifuani. Nikarudisha mpira, nikakaza, maji yanatoka nje ubavuni kama kawaida. Tukaacha mpaka ngama ikakauka, nikazima, nikamwaga maji mengine, nikawasha. Hakuna kitu. Nikalegeza kleme, hewa, maji. Tukafanya hivyo mara tatu nikiwa siamini macho yangu.

Mchawi alikuwa valvu. Septemba ile fundi huyohuyo alinishauri niweke valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye mpira, ili ngama ibaki kavu. Nikaona wazo zuri. Sasa sikiliza kinachotokea: pampu hizi za kuzamisha zina impela inayozunguka na kurusha maji, hewa haziiwezi. Ngama ikikauka pampu inakamata hewa, ukizima yale maji yaliyobaki kwenye mpira yanataka kurudi chini, valvu inayazuia, kwa hiyo juu kuna nguzo ya maji na chini yake hewa imefungiwa. Siku nyingine maji yakiingia ngamani, hewa ile haina pa kutokea, impela inazunguka ndani ya hewa, na kale kahewa hakana nguvu ya kufungua valvu yenye mzigo wa maji juu yake. Ndo maana kila pampu mpya ilifanya kazi siku ya kwanza! Fundi akifungua mpira hewa inatoka, akifunga inapiga maji, analipwa, anaondoka. Na nilikuwa nazuia maji kiasi gani? Mpira wangu ni wa milimita 28, mita 2, ukipiga hesabu unabeba kama lita moja na robo. Lita moja na robo ndo imenitia hasara yote ile. Na baadaye nikaikuta ile karatasi ya maelekezo kwenye boksi la pampu, imeandikwa wazi usiweke valvu ya aina hiyo. Hakuna aliyeisoma, mimi mwenyewe sikuisoma.

Valvu nikaitoa siku hiyohiyo. Pia nikaunyoosha mpira uwe unapanda tu mpaka kwenye tundu bila kushuka popote, kwa sababu hata bila valvu mpira ukiwa na bonde maji yanakaa humo na hewa inanasa vilevile. Wengine wanatoboa katundu ka milimita 2 au 3 kwenye mpira karibu na pampu, hukohuko ndani ya ngama, hewa ipate njia. Mimi nimetoboa na inasaidia.

Sasa wewe mwenye pampu inayolia na haitoi maji, kabla hujatoa hela fuata njia ya maji yenyewe, kuanzia chini mpaka nje. Chomoa pampu kwenye kitako chake, angalia chujio, angalia impela. Msimu uliofuata yangu iligoma tena nikakuta uzi wa kamba ya mwani umejiviringisha kwenye impela mara nyingi kiasi kwamba ilibidi niukate kwa wembe. Shika impela kwa kidole uizungushe, ikizunguka yenyewe bila mhimili basi imekatika, mota inazunguka bure. Hakikisha pia pampu imejifunga vizuri kwenye kitako, ikikaa nusu inazungusha maji palepale. Halafu mpira, upapase wote mpaka mwisho, ukipasuka ndani ya boti maji unayotoa yanarudi ngamani na wewe unasikia pampu inafanya kazi unafurahi. Halafu tundu la nje, nyigu wanajenga humo boti ikikaa juu, na chaza nao wakiliganda linabaki jembamba kama kalamu.

Na umeme jamani. Betri ikiwa dhaifu au maungio yameota ukungu wa kijani pampu inalia ila inazunguka taratibu, haina nguvu ya kupandisha maji. Ukigeuza waya ndo kabisa, inazunguka kinyumenyume, mlio uleule, maji yanatoka kidogokidogo au hayatoki. Nyingi zinazouzwa waya wa kahawia ni chanya na mweusi hasi. Zile namba za kwenye boksi nazo zisikudanganye, galoni 1,100 ni pale ambapo haipandishi maji popote, ukishaweka mpira na kupanda mita moja zinapungua sana. Pampu ndogo ya galoni 500 ni kama lita 31 kwa dakika ikiwa katika hali bora kabisa, wakati shimo la upana wa sentimita 2.5 tu, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, linaingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Kwa hiyo kizibo chako cha nyuma kiangalie kila asubuhi kwa mkono, usimuulize baharia.

Ukisikia harufu ya petroli ngamani usiguse swichi. Fungua, hewa ipite, kausha kwa matambara kwanza.

Na ndugu zangu manahodha, hili nalisema kwa uchungu: tunabeba watu. Tunabeba watoto wa watu ambao hawajui kuogelea, wanapanda kwa sababu wametuamini sisi. Sikio lako lisikuambie kwamba maji yanatoka. Ukiwasha pampu inama utazame tundu, uone maji kwa macho yako, kila safari, hata kama bahari imelala kama mkeka. Mimi sasa nikiwasha sigusi usukani mpaka nimeyaona. Na lile dumu lililokatwa halitoki kwenye boti yangu, wazee wetu walikuwa na upo, kile chombo cha kuchotea maji, kwenye kila mashua na walikuwa wanafua maji usiku kucha, sisi tumepata swichi tumeona upo ni ushamba. Usiniambie boti yako ni mpya. Yangu nayo ilikuwa mpya.

Yule kaka wa Tanga nimeongea naye jana jioni. Alianza kufuata kama nilivyomwelekeza, chujio safi, mpira mzima, valvu hana. Nikamuuliza umegusa nini karibuni, akafikiri, akasema wiki iliyopita alibadilisha waya uliooza, akaunga yeye mwenyewe usiku kwa tochi ya simu. Nikamwambia geuza. Baada ya dakika kumi kanitumia video, giza tupu, huoni kitu, ila unasikia maji yanapiga ubavuni mwa boti ya jirani na mtu anapiga kelele amelowa.