Sokoine wa Uwanjani na Sokoine wa 1983

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza tuwaenzi vipi viongozi wa taifa waliotangulia mbele za haki. Nawaandikia kutoka Mbeya, ambako jina la Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu, linatajwa kila kukicha. Uwanja wa Sokoine ndiko watu wanakokwenda timu ya soka ya Mbeya City ikicheza, na ndiko Tanzania Prisons wanakopokea wageni wao. Msimu wa 2013/14, City walipoingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza wakamaliza nafasi ya tatu, jina hilo lilisikika redioni nchi nzima. Hata hivyo, jibu langu ni kwamba hatujamuenzi. Tumeupa uwanja jina lake, tukaishia hapo.

Nafundisha Historia sekondari. Siku moja niliwauliza wanafunzi wa kidato cha pili Sokoine alikuwa nani. Kijana mmoja, mchezaji mzuri tu wa timu ya shule, akasimama akasema alikuwa beki wa zamani wa timu ya taifa. Mwenzake akasema ndiye aliyetoa eneo la uwanja. Darasa zima likanyamaza likisubiri mimi niseme nani yuko sahihi. Siwalaumu hata kidogo. Jina peke yake halimwambii mtoto chochote, na sisi watu wazima ndio tuliotakiwa kumalizia.

Alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, akawa mbunge 1965, Waziri wa Ulinzi 1972, na Februari 1977 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri Mkuu. Aliondoka kwenye nafasi hiyo Novemba 1980, akarudishwa Februari 1983. Kipindi hicho cha pili kilikuwa cha miezi 13 na ushei tu, lakini mtaje Sokoine mbele ya mzee yeyote wa Mwanjelwa au Uyole uone atakachoanza kukusimulia.

Nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita ya Kagera hoi, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna, viwanda vinasuasua. Mama yangu anasema walikuwa wakifulia majani ya mpapai. Unayachuma mabichi, unayatwanga, unayasugua kwenye nguo mpaka yatoe povu la kijani, na shati jeupe haliwi jeupe tena. Sukari ilikuwa ya foleni. Mtu anatoka alfajiri na baridi ya Juni ya huku kwetu, anasimama mbele ya duka la ushirika, na zamu yake ikifika anaambiwa imekwisha. Kilichowauma zaidi ni kwamba sukari ilikuwepo. Ilipita mlango wa nyuma, kwa bei ya ulanguzi, kwa anayejuana na mwenye duka. Na sisi tuko jirani na Zambia kwa upande wa Tunduma, ambayo enzi hizo ilikuwa bado ndani ya mkoa wetu, na Malawi kwa upande wa Kyela. Magendo hatukuyasikia kwa watu wa Dar es Salaam. Yalipita mbele ya macho yetu.

Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walanguzi na wafanya magendo, mwaka 1983, mama anakumbuka asubuhi moja watu wa mtaani kwao walikuta katoni za sabuni zimetupwa korongoni. Wenyewe waliogopa kukutwa nazo. Kwa aliyekuwa akifulia majani ya mpapai, siku ile serikali ilionekana iko upande wake. Naamini ndiyo sababu watu wa kawaida walilia vile tarehe 12 Aprili 1984, Mwalimu alipotangaza redioni kwamba Waziri Mkuu amefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma bungeni. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Hapo ndipo hotuba nyingi za kumbukumbu huishia, na mimi sikubaliani nazo. Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1983 iliunda baraza maalumu nje ya mahakama za kawaida, na mtuhumiwa hakuruhusiwa kutetewa na wakili. Kuna waliokamatwa kwa haki, na kuna waliokamatwa kwa sababu jirani alikuwa na kinyongo nao. Mwaka 1984 sheria nyingine ikaja, kesi zikapelekwa Mahakama Kuu. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee aliyerudi kutoka mahabusu akakuta duka halipo, na hakufungua tena mpaka anakufa. Wajukuu wake wamo shuleni kwetu. Siwezi kusimama mbele yao nikamsifia Sokoine kana kwamba babu yao hakuwahi kuwepo, na sidhani kiongozi aliyechukia dhuluma kiasi kile anahitaji tufiche chochote kwa niaba yake.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Kwenye geti kuu la uwanja kiwekwe kibao cha chuma chenye maandishi makubwa kwa Kiswahili chepesi: alizaliwa wapi, alishika nyadhifa gani, alipambana na nini, sheria ile ilifanya nini, alikufaje. Kitaje pia Chuo Kikuu cha Kilimo kule Morogoro kinachobeba jina lake, maana vijana wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanasoma kule na wanarudi kuwa mabwana shamba na mabibi shamba kwenye mahindi na viazi vyetu. Na kila Aprili, mwalimu wa Historia awatume wanafunzi na daftari kwa bibi na babu zao wakaulize habari za 1983, za foleni na za waliokamatwa, wakati wanaozijua bado wako hai.

Mafundi wa kuchomelea wa Mafiati wanaweza kuitengeneza kazi hiyo vizuri kabisa. Maandishi nitayaandaa mimi na wanafunzi wangu bila malipo, na wenye uwanja watayapitia kabla hayajachongwa.

Mwalimu wa Historia, Mbeya