Hukumu ya talaka iliyotolewa teritwareni: namna ya kuipata ukiwa Lubumbashi

Dada, umeuliza hivi: wazazi wako walioana kwenye teritware (wilaya) ya Kasenga, wakaachanishwa na mahakama miaka ya 90, sasa baba anataka kufunga ndoa kwenye komini (manispaa) ya Kampemba na wanamdai karatasi ya talaka. Komini inasema haina, Kasenga simu haipokelewi. Wengine hapa wamekushauri urudi komini ukabembeleze. Usipoteze nguvu huko. Komini haitoi talaka. Talaka ni hukumu ya mahakama, na hukumu inakaa kwenye grefe (ofisi ya makarani) ya mahakama iliyoitoa.

Kwa hiyo kwanza ijulikane ni mahakama gani. Watu wengi wanakimbilia pale ndoa ilipofungwa, na hapo ndipo wanapopotea. Kwa sheria yetu ya familia hapa Kongo (Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016), anayetaka talaka anapeleka ombi kwenye mahakama ya mahali anapokaa mwenzake anayeshtakiwa, au mahali walipoishi mwisho kama mke na mume. Kama walioana Kasenga, wakahamia Likasi na ndoa ikavunjikia huko, tafuta Likasi. Muulize baba: siku ile kesi inafunguliwa, mama alikuwa anakaa wapi?

Leo kesi za talaka zinaanzia tripaix (tribunal de paix, mahakama ya ngazi ya chini). Lakini miaka ile kuna teritware ambazo tripaix ilikuwa haijafika. Ndoa za kimila zilikuwa zinaamuliwa na mahakama za kimila za chefferie (eneo la chifu) au sekta, nyingine zinapelekwa Tribunal de grande instance (TGI, mahakama iliyo juu ya tripaix). Kama ilikuwa mahakama ya kimila, vitabu vyake ama vilihamishiwa tripaix ilipofunguliwa, ama vimebaki kwenye biro ya chefferie. Kabla ya kupanda gari, pita grefe ya TGI hapa Lubumbashi uulize ni mahakama gani ilikuwa inashika eneo lile mwaka ule. Na kama mmoja alikata rufaa juu ya hukumu ya tripaix, dosie (jalada la kesi) ilipanda TGI na kupewa namba mpya inayoanza na RCA, herufi za kesi za rufaa. Utaitafuta teritwareni mpaka uchoke, kumbe iko mjini.

Namba ndiyo ufunguo. Kesi ya madai inaandikwa RC na namba yake kwenye kitabu cha kuandikishia kesi, « registre du rôle », kwa kufuata siku zilivyoingia, si kwa majina. Ukija na jina tu, karani itabidi afunue kitabu mwaka kwa mwaka, na wengi hawatakubali. Tafuta namba nyumbani: kwenye mwito wa mahakama, risiti ya zamani, barua ya avoka (wakili), karatasi ya huisye (mjumbe wa mahakama). Ukikosa kabisa, leta angalau mwaka na majina kamili ya wote wawili.

Majina nayo yana mitego yake. Tangu 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa Zaire, kwa hiyo mtu anayeitwa Joseph nyumbani anaweza kuwa ameandikwa kwa jina na postnom (jina la pili la Kiafrika) tu. Halafu herufi: Mwansa na Muansa, Mwamba na Muamba, Chanda na Tshanda, Kyungu na Kiungu. Andika sura zote za jina kwenye kikaratasi umwachie karani, maana jicho lake litafuata ile uliyomwonyesha. Karatasi yenye kichwa « République du Zaïre » au « Province du Katanga » ni halali. Nchi ilibadilisha jina 1997 na jimbo liligawanywa 2015, hukumu haikufutika.

Barua iandikwe kwa Kifaransa. Tripaix unamwandikia « Greffier titulaire », TGI unamwandikia « Greffier divisionnaire ». Weka majina ya pande mbili, tarehe na mahali pa ndoa, namba ya RC au mwaka, wewe ni nani kwao, na unachotaka: « copie certifiée conforme du jugement » (nakala ya hukumu iliyothibitishwa). Ambatanisha fotokopi ya kadi ya mpiga kura ya baba na, kwa kuwa ni wewe unayesafiri, « procuration spéciale » (hati ya kukutuma kwa niaba yake) yenye sahihi yake. Peleka barua mbili. Moja wapokee, nyingine wakugongee muhuri na tarehe ya kupokea. Bila hiyo, ukirudi mwezi ujao utaambiwa hukuwahi kuandika.

Juu ya pesa: ada ya nakala ni ya Hazina ya Serikali. Unapewa « note de perception » (hati ya kulipia) ya DGRAD, idara ya mapato ya Serikali, unalipa benki, unarudisha uthibitisho. Inaniuma sana kuona mama wa kijijini ameuza kuku zake kulipa mkononi kitu ambacho hakina risiti. Uliza jumla yake yote kabla hujalipa hata franka, na nakala ya kila risiti ibaki kwako.

Ukipewa nakala, usitoke hapo mlangoni kabla ya kuisoma. Shuka mpaka pale penye « Par ces motifs », ndipo uamuzi unapoanza. Chini yake lazima liwepo neno la kuvunja ndoa kati ya fulani na fulani, kwa majina yao yote. Kuna hukumu zilizoamua posho ya watoto tu au kuwatenganisha kwa muda. Hizo si talaka. Angalia namba ya RC, tarehe, sahihi ya karani, na muhuri. Jina likiwa na kosa la herufi, mahakama ileile ndiyo inayorekebisha, kwa ombi la « rectification d'erreur matérielle ». Usikubali mtu aandike juu kwa bic.

Nakala peke yake haitoshi, na hapa wengi wanarudishwa. Komini itataka kujua kama hukumu imekuwa ya mwisho. Hiyo inathibitishwa na « certificat de non-appel » (cheti cha kutokata rufaa), na haitoki mahakama iliyohukumu: inatoka grefe ya mahakama ambako rufaa ingepelekwa, yaani TGI kama hukumu ni ya tripaix. Utaulizwa kama hukumu ilifikishwa rasmi kwa upande wa pili na huisye (« signification »). Kama haikufikishwa, hasa hukumu iliyotolewa mmoja akiwa hayupo, ifikishwe sasa, muda wa rufaa upite, ndipo uombe cheti. Ndiyo maana usipange tarehe ya ndoa kabla ya hiki cheti.

Kisha kuna daftari la ndoa. Talaka inatakiwa iandikwe pembeni ya cheti cha ndoa, kwenye biro ya état civil (ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo) ilipoandikishwa ndoa. Mara nyingi haijaandikwa, kwa sababu hakuna aliyepeleka hukumu kule. Peleka nakala na cheti cha kutokata rufaa, kisha omba « copie intégrale » (nakala kamili) mpya yenye hayo maneno pembeni. Usichukue ile fupi, « extrait », kwa sababu inaweza kuyaacha.

Kama hukumu yenyewe imeliwa na mchwa au imelowa, usikate tamaa. Omba karani aangalie « feuille d'audience » (karatasi ya kikao cha mahakama) ya siku ile, tafuta nakala kwa mama, kwa avoka, kwa huisye, TGI kama kulikuwa na rufaa, na état civil kama ilipelekwa. Nakala yenye muhuri ikipatikana popote, avoka ana pa kuanzia kuomba mahakama iirudishe kwenye kumbukumbu.

Kaka mmoja aliyekujibu ametaja karatasi ya chifu na mahari yaliyorudishwa mbele ya wazee kana kwamba vinatosha: hata ndoa ya kimila, kwa sheria, inavunjwa na hakimu. Hiyo karatasi ibebe, itakusaidia kujua mwaka na mashahidi, lakini usiiweke kwenye dosie ya komini mahali pa hukumu. Na kama ukitafuta ukagundua mahakama haikuwahi kuvunja ndoa, baba bado ana mke, na komini haiwezi kumwandikia ndoa nyingine. Hapo inabidi kesi ifunguliwe upya tripaix.

Nenda mapema kabla ya Novemba. Mvua ikianza, barabara inaweza kula siku zako. Na komini wape fotokopi, karatasi zenye muhuri waonyeshe tu.