Mama yangu hakustaafu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni haki mtumishi wa umma kukatwa bima ya afya kwa lazima, au aachiwe achague mwenyewe. Mimi nasema si haki, ila sababu yangu haiko kwenye mshahara, iko pale mshahara unapokoma. Kwa hiyo naomba nijibu swali la jirani: aliyekatwa miaka yote ya kazi, akistaafu anabaki na nini?

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Moshi Vijijini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, ofisi ya walimu ilichafuka. Asilimia 3 kwako, asilimia 3 kwa mwajiri, na hakuna aliyekuuliza. Baadaye tulitulia kwa sababu kadi ilikuwa inatibu: wewe, mwenza wako na wategemezi wanne, wakiwemo wazazi. Wanangu walipokua nikamwandikisha mama. Ana presha na kisukari, na kliniki ni kila mwezi.

Nikafika miaka 60, nikaagwa kwa keki na kitenge. Kliniki iliyofuata ilikuwa mwezi wa saba, na wenyeji wa huku mnajua baridi ya mwezi huo. Mama alivaa masweta mawili, tukateremka na haisi kutoka Kibosho alfajiri ili tuwahi foleni. Sitaitaja hospitali. Binti wa dirisha la bima alimwamkia vizuri, "Shikamoo bibi," akaingiza namba ya kadi, akatazama, akaingiza tena.

"Mama, kadi ya bibi imefungwa."

Nikamwambia huenda ni mtandao. Akasema hapana, mtandao upo, ila mimi nimeshastaafu, na mstaafu anabaki na mwenza wake tu. Alisema kwa upole, nampa haki yake. Mama hasikii vizuri, akaniuliza binti anasemaje. Nikamwinamia sikioni: kadi yako imefungwa kwa kuwa nimestaafu.

"Umestaafu wewe," akasema kwa sauti ya watu wasiosikia. "Mimi nimestaafu lini?"

Benchi zima lilinyamaza. Mzee mmoja mwenye fimbo akasema hata mkwe wake yalimkuta hayo hayo. Nilitoka nje kumpigia kaka aliyeko Arusha, akatuma hela kwenye simu, nikatafuta wakala, nikarudi nikamkuta mama ameshasimama na mkoba wake. "Turudi nyumbani. Leo sijisikii vibaya." Alikuwa anadanganya. Miguu ilikuwa imevimba, viatu amevikanyaga visigino. Niliposema hela ipo, akauliza ni ya nani, na inarudishwa lini. Tulilipa kumwona daktari, tukalipa kipimo cha sukari. Daktari alitaka na kipimo cha figo, mama akakataa katakata, akamwambia figo zake hazina shida. Dawa tulichukua za wiki mbili badala ya mwezi, na hata hizo alisimama dirishani akinitazama ninavyohesabu noti. Njiani hakuongea. Mtu aliyenilea hakupaswa kuona vile.

Hakuna aliyeniambia kabla. Barua ya kustaafu ilieleza mengi, hilo halikuwemo.

Najua mtaniambia wazee wasio na uwezo wa kuanzia miaka 60 wanatibiwa bure. Sera ipo, lakini neno ni "wasio na uwezo", na mtendaji wa kijiji akiona bibi anaishi kwa mwalimu mstaafu mwenye nyumba ya bati jipya, uwezo ameshauona. Hata mwenye kitambulisho, dawa nyingi anaambiwa akanunue nje. Kulikuwa na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Huko ndiko tulikomwingiza mama, kwenye kaya ya mdogo wangu, na nashukuru, kwa sababu ilimfikisha mpaka hospitali ya mkoa. Ilipotakiwa rufaa ya kupanda zaidi, hapo tulirudi kuchangishana.

Lakini nikiandika haya, mume wangu yuko hapa sebuleni, mzima. Alipasuliwa tezi dume mimi nikiwa nimeshastaafu, kwa kadi yangu, bila kutoa shilingi. Pensheni yangu haikatwi bima. Basi nani alilipa? Ni walimu vijana waliopo kazini sasa, wanaolalamikia makato kama sisi wakati ule. Ukimwambia kijana wa miaka 25 asiyeumwa achague, atachagua kutokatwa, na ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Kwenye Mfuko tungebaki sisi wa presha na tezi, na hiyo kadi isingefika mwaka.

Kwa hiyo jibu langu la mwanzo silisimamii tena lote. Lazima ibaki. Ninachotaka ni kwamba mstaafu aliye na mzazi hai aruhusiwe kuendelea kukatwa, safari hii kwenye pensheni, na mzazi aendelee na kadi. Mimi ningetoa asilimia 3 leo hii, hata ikipanda kidogo. Iwe kwa hiari lakini, maana kuna wastaafu ambao pensheni yao ikiguswa hawali, na wapo wasio na mzazi wa kumlipia. Pia sitaki ije kuwa njia ya kuwakata wastaafu wote kwa ajili ya kadi zao wenyewe. Kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao yetu, kimeshatuumiza vya kutosha.

Na walimu mnaostaafu mwaka huu, kama mzazi yuko kwenye kadi yako, nenda kwa afisa utumishi kabla ya mshahara wa mwisho, umwulize tarehe ya kufungwa. Mtafutie mzazi bima nyingine mapema, na dawa za mwezi zichukue kadi ingali hai.

Mwalimu mstaafu, Kibosho