Tyubula kwa barabara za Mombasa: anza na ubavu wa tairi

Juzi kijana mmoja wa Likoni aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata magurudumu ya kaboni ya mtumba, bei nzuri sana, lakini fundi ananiambia ni ya tyubula na nitajuta. Niyarudishe? Na nikiamua kubaki nayo, ninunue tairi gani itakayodumu na isiyonivunja mgongo?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiyarudishe. Nimekaa na swali lako kutwa nzima, maana maneno ya fundi huyo ndiyo niliyoambiwa mimi mbele za watu, na mpaka leo yananikereketa.

Kwa asiyeijua: tairi ya kawaida hushika kingo za rimu kwa waya au uzi mgumu wa pembeni, na tyubu huwekwa ndani. Tyubula imeshonwa ikaizunguka tyubu yake mzima mzima, halafu hubandikwa kwa gundi juu ya rimu isiyo na kingo. Ndiyo iliyotawala mashindano ya Ulaya kwa miongo mingi. Sasa timu kubwa zimehamia tyubulesi, yaani tairi zisizo na tyubu kabisa, na kwa sababu hiyo magurudumu ambayo zamani tungeyaona kwenye televisheni tu yanatufikia huku kwa bei ya mtu wa kawaida. Mimi naona ni bahati yetu, na sioni kwa nini tuikatae.

Yangu niliyapata hivyo hivyo. Kundi nililokuwa nikiendesha nalo wakati huo lilikuwa na kiongozi mmoja, mtu mzima anayeheshimiwa, aliyeniambia tyubula ni za watu wenye gari la fundi nyuma yao. "Wewe mwanamke, utakwama barabarani utuharibie safari." Wenzangu wakacheka. Nilinyamaza, nikarudi nyumbani Tudor nikaanza kujifunza kubandika.

Tukapanga kwenda Malindi. Tuliondoka baada ya alfajiri, tukavuka daraja la Nyali, Bamburi na Mtwapa tukazipita barabara ikiwa bado tupu. Vipingo, kando ya mashamba ya mkonge, tairi yangu ya nyuma ikala waya, zile nyuzi za chuma zinazotapikwa na matairi ya malori yakipasuka. Kila anayeendesha baiskeli pwani anazijua, na asiyezijua aende Changamwe au Miritini atazame chini. Upepo ulitoka taratibu, na hapo tyubula ilinionyesha tabia yake: kwa kuwa imegandishwa kwenye rimu, haikuchomoka wala kunitupa. Nilisimama kwa utulivu kabisa. Wenzangu waligeuka, wakaniona, wakaenda zao.

Nikaing'oa ile tairi kwa vidole, nikavalisha ya akiba niliyokuwa nimeipaka gundi nyumbani, nikajaza upepo. Kazi nzima ilikuwa ya dakika chache tu, maana hakuna kuhangaika kuingiza tairi ndani ya kingo. Niliwakuta Kilifi wamekaa mezani, mahamri yameshaliwa. Hakuna aliyeniuliza nimefikaje. Nilikunywa maji, nikaondoka peke yangu, nikafika Malindi siku hiyo hiyo juu ya tairi niliyoibandika mwenyewe njiani. Kundi lile nililiacha pale Kilifi, na sijarudi.

Sasa kuhusu kuchagua. Watu wengi dukani hushika tairi wakapima uzito kwa mkono, au wakabonyeza mpira wa juu kuona unene wake. Mimi nakuambia anza na ubavu. Ikunje tairi ikiwa haina upepo, ubinye ubavu kwa vidole viwili. Ubavu wa pamba wenye nyuzi nyingi hulainika mkononi, ule wa nailoni yenye nyuzi chache hukakamaa. Tairi ya Vittoria Corsa, kwa mfano, ina kitambaa cha nyuzi 320 kwa inchi. Ulaini huo ndio unaoupa mgongo raha, kwa sababu tairi hujikunja juu ya kila kokoto badala ya kukurusha. Na hapa wengi hukosea wakidhani raha na kudumu ni vitu viwili vya kuchagua kimoja. Tairi inayojikunja juu ya kipande cha chupa hukatika kidogo kuliko ile iliyojazwa ikawa jiwe.

Kwa hiyo upana. Tyubula za zamani ni za milimita 21 au 23, nazo hutaka presha ya psi 110 (kipimo kinachoonekana kwenye pampu) na kuendelea. Ukipanda nazo daraja la feri la Likoni, pale bamba la chuma linapokutana na lami, meno yanagongana. Ya milimita 28 mimi naijaza kama psi 75 hivi, nami ni mtu wa kilo 62. Mzito zaidi ajaze zaidi. Lakini kabla hujanunua, pima nafasi kwenye uma na kwenye breki, maana fremu nyingi za zamani mwisho wake ni 25. Tazama pia bonde la rimu yako: rimu nyembamba iliyotengenezewa 21 haikai vizuri na tairi ya 28, kwa kuwa mpindo hauoani na gundi haishiki upana wote.

Ungeniuliza moja tu, ningesema Vittoria Corsa Control ya 28 kama fremu inakubali. Ni pamba ileile laini, ila imeongezwa kinga dhidi ya mikato. Tyubu yake ni ya lateksi, yaani mpira wa asili wa utomvu, nayo huvuja upepo polepole hata bila pancha, kwa hiyo utapampu kila asubuhi. Hilo halina njia ya mkato. Kama njia yako ya kila siku ni ya malori, kutoka Makupa hadi Mazeras au Mariakani, basi chukua Continental Competition ya 25. Ina mkanda wa Vectran, nyuzi ngumu za kuzuia mikato, chini ya mpira, na tyubu ya butili, mpira wa kiwandani, inayoshika upepo siku kadhaa. Si laini kama Corsa, lakini kwenye waya za malori ningeiamini. Tufo za Czech nazo hazina tyubu ya kutenganishwa, kwa hiyo dawa ya pancha hufanya kazi vizuri ndani yake.

Dawa ya pancha weka kwa tairi yoyote ile, mradi kichwa cha vali kinafunguka. Kagua hilo kabla ya kulipa. Kagua pia umri: tairi iliyoning'inia dirishani pa duka ikipigwa na jua la Mombasa huwa na vipasuko vidogo sana kwenye mpira, na hata iwe mpya kwenye boksi, hiyo ni mzee.

Gundi ndiyo nusu ya tairi, na hapa sitaki mzaha. Tarehe 14 Julai 2003, kwenye Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, siku ya joto kali, mwendeshaji wa Uhispania Joseba Beloki alikuwa akishuka kuelekea mji wa Gap. Lami ilikuwa imeyeyuka, gurudumu la nyuma likateleza, tairi ikachomoka kwenye rimu. Alivunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Huyo alikuwa na mafundi bora duniani. Sisi tunaishi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 miezi mingi ya mwaka, na rimu ya kaboni ikifinywa na breki hupata moto zaidi, na moto hulegeza gundi. Kwa hiyo usimruhusu mtu akubandikie kwa gundi ya viatu. Gundi ya tyubula hubaki na unato hata ikikauka, na unato huo ndio ulioishika tairi yangu ya akiba pale Vipingo. Agiza gundi ya Mastik One au ya Continental.

Namna ya kubandika: valisha tairi kavu kwenye rimu, ijaze, iache siku moja au mbili inyooke. Ivue. Paka rimu tabaka jembamba, acha likauke usiku kucha, paka la pili. Tairi nayo ipake kitambaa cha chini. Kisha tabaka la mwisho, na papo hapo valisha, ukianzia kwenye vali na kuivuta chini kwa mikono yote miwili. Zungusha gurudumu, inyooshe, jaza, na usiiendeshe mpaka kesho yake. Ukitumia breki za rimu, kila baada ya muda toa upepo usukume tairi kwa kidole gumba pande zote. Popote inapoachia, hapo ibandike upya.

Chumvi ni adui mwingine, na huyu hasemwi. Ubavu wa pamba ulio wazi huoza kwa unyevu wa bahari. Ukishuka feri au ukipita Mama Ngina upepo wa kusi ukivuma, futa tairi kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha uikaushe kivulini. Ukiona nyuzi zinaanza kuchomoza, paka ubavu lateksi ya maji. Masika yakianza, fanya hivyo mapema.

Na nyinyi dada zangu mnaonisoma, msingoje mtu awabandikie. Kuna mwanamume atakayewaambia mikono yenu si ya kazi hii. Jifunzeni kabla hajamaliza sentensi. Vijana nanyi vilevile: fundi asiyejua kitu husema kitu hicho ni kibaya, na msipouliza mtu wa pili, mtakuwa mmeuza mali yenu kwa hofu ya mtu mwingine.

Tairi ya akiba isafiri nawe daima. Iwe imeshavalishwa na kunyooshwa, imepakwa gundi, na ikunjwe upande wenye gundi ukielekeana wenyewe kwa wenyewe, kisha ifungwe kwenye soksi kuukuu chini ya kiti, jua lisiifikie. Kila unapopata nafasi ifungue uikunje mahali pengine, la sivyo itakatika palepale ilipokunjwa. Pamoja nayo beba pampu, na kama rimu zako ni za kina kirefu, beba pia kiungo cha kurefusha vali, maana bila hicho pampu haitafika.