Maswali na Majibu: Sayari 2,048 Ndani ya Kilobaiti 32

Tangu nilipoutaja Elite, mchezo wa biashara ya angani uliotoka Uingereza mwaka 1984 kwa kompyuta ya nyumbani ya BBC Micro, mmeniandikia sana. Leo najibu machache.

Kompyuta ya BBC Micro ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Sayari zote 2,048 za mchezo huo zilikaa wapi?

Hazikukaa popote! Sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo ilimezwa na skrini na programu yenyewe, kwa hiyo David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Cambridge, hawakuwa na nafasi ya orodha ya sayari. Waliweka namba tatu za kuanzia. Programu huzijumlisha, kisha hujumlisha jibu tena, kwa mtindo wa mfuatano wa Fibonacci (kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia), na katika tarakimu zinazozaliwa huchota mahali sayari ilipo, jina lake, serikali yake na uchumi wake. Namba zilezile huzaa jibu lilelile, ndiyo maana ukirudi kwenye sayari ya Lave unaikuta vilevile ulivyoiacha. Galaksi 8, kila moja sayari 256. Hesabu ingeweza kutoa galaksi nyingi mno, lakini wachapishaji, Acornsoft, waliona wachezaji wangeshtukia kwamba ni tarakimu tu. Inasimuliwa pia kwamba galaksi moja ilitupwa kwa kuwa ilizaa sayari yenye jina la matusi.

Mwanangu anasema hakuna pointi wala mwisho. Mchezo gani huo?

Amesema kweli, na hapo ndipo utamu ulipo. Wakati huo michezo mingi ilikuwa roho tatu na pointi. Hapa unapewa krediti 100 (fedha ya mchezo), chombo aina ya Cobra Mk III chenye nafasi ya tani 20, na mafuta ya kufika miaka ya nuru 7. Unanunua chakula kwenye sayari ya kilimo, unakiuza kwenye sayari ya viwanda, unarudi na kompyuta. Chombo, shehena, nahodha, maharamia, magendo: mtu wa pwani hahitaji kamusi. Watumwa nao wamo kwenye orodha ya bidhaa. Ukiwapakia, polisi watakuwinda. Mimi sijawahi kuwanunua, hata kwa mchezo. Wapiganaji wana daraja lao, na kufikia la juu kabisa ni kuangusha vyombo 6,400.

Kila nikifika kwenye kituo cha angani ili kuegesha, nagonga ukuta. Nifanyeje?

Pole, sote tulianzia hapo. Mlango wa kituo daima hutazama sayari. Jiweke kati ya sayari na kituo, geuka, nyoosha chombo ukiwa bado mbali, punguza mwendo, kisha kizungushe kwa kasi ileile ya kituo hadi ufa wa mlango ubaki umelala. Ukichoka, kuna kompyuta ya kuegeshea kwa krediti 1,500. Kwenye toleo la kompyuta ya Commodore 64 inakupigia na waltzi ya Johann Strauss wakati inakuingiza.

Mbona juu ya skrini hakuna rangi na chini zipo?

Mashine inabadilisha aina ya skrini katikati ya kila picha, mara 50 kwa sekunde: juu mistari myembamba, chini dashibodi ya rangi.

Naupata wapi leo?

Ian Bell aliweka matoleo ya zamani kwenye tovuti yake, bure. Utahitaji programu ya kuigiza BBC Micro. Kumbuka kuhifadhi ukiwa umeegesha, maana angani hauhifadhiki.